Dkt. Truphena Adhiambo Machuki (1955–1998): Hakufukuzwa

Marehemu Dkt. Truphena Adhiambo alizaliwa kisiwani Rusinga tarehe 14 Machi 1955, kifungua mimba wa marehemu mzee Bonface Ouma na mama Roseline. Alisoma Rusinga, kisha Homa Bay, na mwaka 1975 akajiunga na chuo kikuu Nairobi kusomea fizikia.

Mwaka 1980 alifunga ndoa na mwalimu Ezra Machuki wa hapa Migori. Walijaliwa binti mmoja, Lynnet.

Mwaka 1986 alienda Ujerumani kusomea udaktari. Kazi yake ilikuwa kupitisha sauti, ile isiyosikika kwa sikio, ndani ya metali iliyopozwa mpaka umeme ukapita bila kizuizi chochote, kisha kupima jinsi sauti hiyo ilivyofifia. Alipokuja likizo mwaka 1989, mama alimuuliza, "Na hiyo chuma inakujibu?"

Akacheka. "Inajibu, mama. Lakini ukiigeuza upande, inajibu ingine."

Mwaka 1992 alichapisha matokeo yaliyosifiwa sana. Mwaka uliofuata aligundua kwamba wakati wa kuandika vipimo alichanganya pande mbili za kipande chake cha metali. Hakuna mwingine aliyejua. Aliliandikia jarida mwenyewe, akayaondoa matokeo. Mkataba wake wa utafiti huko ulipoisha haukuongezwa, akarudi nyumbani Februari 1994.

Aliomba kufundisha katika shule moja ya wasichana, Ndhiwa. Bodi ilimuuliza mjumbe wake mmoja, Cephas, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea haya, kwa nini dada yake alirudi. Cephas alikuwa anaijua sababu, lakini aliona haya kuwa na dada daktari asiye na kazi. Akasema, "Walimfukuza. Kazi ilimshinda." Truphena alikaa miaka miwili bila kazi, mpaka bodi mpya ilipomwajiri.

Maneno hayo yalimfikia Truphena. Alimwambia Cephas tu, "Omera, ndugu yangu, ungeniuliza mimi kwanza."

Novemba 1997 alipatikana na saratani ya matiti. Alifundisha hadi Mei. Cephas alimtembelea mara nne kuomba msamaha, na mara zote nne akaishia kuzungumzia mvua. Mara ya tano, Jumanne tarehe 11 Agosti 1998, alikuta ameshaaga.

Ndugu zangu, dada yangu hakufukuzwa. Alikosea, akasema. Mimi nilidanganya, nikanyamaza.

Ameacha mume wake Ezra, binti yao Lynnet, mama Roseline, na mimi. Mungu ampe pumziko la amani.