Fundi Kiraka na Gurudumu Lililokuwa Limevuliwa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wateja wa marehemu, mimi ni mdogo wake wa kumfuata, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mtu ambaye Jumanne asubuhi alikuwa ananitania kwamba nimeota kitambi, kwa hiyo mkiona nakwama mnivumilie, maana akili yangu bado haijakubali.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kiraka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ile ile ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, akiwa mtoto wa tatu wa mama mshona nguo na baba mpiga chapa, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, ambako walimu walimpenda kwa ucheshi na kumchapa kwa ubishi, kisha akajifunza ufundi wa magurudumu kwa mjomba, na mwaka 1994 akafungua banda lake mwenyewe.

Zahanati yetu ilipopata pikipiki ya magurudumu manne ya kubebea wagonjwa kwenye matope, mwaka 2015, yeye ndiye aliyekuwa fundi wake, kwa sababu tairi zake nene hazina mpira wa ndani na wengine walizikimbia. Wenzake wakichomoa msumari, wakachomeka uzi wa gundi kwa nje na kazi ikaisha, yeye hakutaka hata kusikia, ilikuwa lazima avue tairi lote kwenye rimu, akwangue ndani, abandike kiraka, na ukimwambia una haraka anakwambia nenda kapumzike kwanza, haraka yako utaikuta hapa hapa.

Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuza sabuni wa kibanda cha pili kutoka banda lake, ambaye husema alimkubali ili tu anyamaze, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na kijana mmoja, ambao wako hapa mbele yenu.

Kuhusu ugonjwa sina cha kusoma, kaka hakuugua. Jumanne tarehe 21 Mei, saa nne asubuhi, dereva wa zahanati alimletea pikipiki ile ikiwa na pancha, akamsihi aizibe juu juu, maana mvua ilikuwa imeharibu barabara ya hospitali na hakuna gari ambalo lingepita, kaka akakataa kama kawaida yake, akaipandisha kwenye jeki, akavua tairi, akabandika kiraka, na akiwa anasubiri gundi ishike, akajishika kifua, akaanguka.

Ndugu zangu, chombo pekee cha kumfikisha hospitali kilikuwa pale pale mbele yake, kikiwa na magurudumu matatu. Mimi nilikuwepo, nikasimama kama gogo, dereva naye hajui tairi linarudishwaje, na aliyeinuka ni shemeji, ambaye miaka yote hiyo aliuza sabuni huku macho yakiwa kwa mumewe, akalirudisha tairi kwenye rimu, akapaka povu la sabuni kwenye kingo, akazungusha kamba katikati ya tairi na kuikaza ili kingo zishike rimu, akajaza upepo ukatoka wote, akajaza tena, tairi likakaa, akafunga nati, na kaka, aliyelazwa kwenye turubai bila kuweza kusema neno, alikuwa anamtazama.

Alifika hospitali akiwa hai, jioni akapata nguvu kidogo, akawaona wanawe wote watatu, akamwambia mkewe kwamba upepo ameuzidisha, na alfajiri ya Jumatano tarehe 22 Mei moyo wake ukasimama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye usiku kucha, majirani walioisukuma pikipiki kwenye tope hadi ikavuka, na mafundi wenzake waliofunga mabanda yao leo. Shemeji, sisi wanaume tuliokuwepo pale hatuna la kukuambia zaidi ya ahsante, ulitupatia jioni moja ambayo hatukustahili. Pikipiki ile ndiyo iliyomleta hapa makaburini, na dereva alipotaka kupunguza upepo kwenye lile gurudumu, watoto wake walisema lisiguswe.

Kaka, pumzika sasa, na amani iwe yako.