Zamu ya Wakonyo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Wakonyo wa Ngatia, mkulima wa kahawa wa Gakindu, kule Mukurweini. Wakonyo alifariki mwezi wa nane mwaka jana, mwaka wa 1986, akiwa na miaka sabini na minne. Kumbukumbu nyingi huwa nazisoma kwa sauti ya upole. Ya leo nitajitahidi, lakini siahidi. Nilikwenda kwenye mazishi yale, na nilirudi nimechukizwa hata chakula cha jioni kikanishinda.

Tumjue kwanza mwenyewe. Wakonyo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Alifiwa na mume mapema. Mwaka wa 1964, uhuru ukiwa bado mchanga, yeye na wanawake wengine kumi walianza ngwatio. Wasikilizaji wa Pwani na wa Ziwani, ngwatio ni kulimiana kwa zamu. Leo sote tuko kwangu, siku nyingine sote tuko kwako. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba anapika, kazi inafanywa kwa vicheko, na jioni kila mtu anakwenda kwake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Walikuwa kumi na mmoja. Walilima Jumanne na Ijumaa. Na zamu zote za wanawake kumi na mmoja zilikaa katika kichwa cha mtu mmoja, naye ni Wakonyo. Hakujua kuandika. Alijua udongo wa kila shamba, upi unakauka upesi na upi unashika maji. Alijua nani ana mimba, nani ana mgonjwa nyumbani, nani asogezwe mbele na nani arudishwe nyuma. Mvua ikibadili mambo, alizipanga zamu upya akiwa amejitwika mzigo wa kuni. Kwa miaka kumi na minane hakukosea.

Rafiki yake mkubwa, Mama Murugi, aliniambia hivi: "Sisi tulikuwa na jembe. Yeye alikuwa na jembe na kalenda."

Sasa tuje kwa mtoto wake wa kiume, Theuri. Theuri alisoma, akapata cheo katika ofisi moja ya Nyeri mjini. Hakuna ubaya. Jumanne moja ya mwaka wa 1982 alikuja nyumbani na gari, amewabeba wakubwa wenzake wawili waone kahawa yake. Naam, kahawa yake, ile iliyopandwa na wanawake kumi na mmoja yeye akiwa bado anavaa kaptula. Njiani walipita shamba la jirani, la Mama Gathoni. Wakonyo alikuwa humo ameinama, tope magotini. Alipoliona gari alinyanyua jembe juu kumsalimu mwanawe. Mmoja wa wale wageni akauliza, bila nia mbaya, kama yule mama ni kibarua.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Theuri alizaliwa Gakindu. Alilishwa na ngwatio, akavishwa na ngwatio. Angeweza kujibu kwa sentensi moja. Badala yake aliona aibu. Aliitazama ngwatio kwa macho ya mgeni, akaona kibarua.

Mwaka haukuisha, mambo yalikuwa yamebadilika. Alimjengea mama nyumba ya mawe. Akapanda ua wa kayaba kuzunguka boma zima, miiba mirefu kama kidole, akaweka geti la chuma na kufuli. Mbwa akaja, na mlinzi wa getini. Vibarua wa kweli wakaajiriwa, kutoka mbali, watu wasiomjua mama wala mama hawajui. Mama akaambiwa apumzike, kwamba mama wa mtu mkubwa halimi mashamba ya watu. Na ili asiwe mpweke, akanunuliwa redio. Redio kubwa, ya betri sita.

Wasikilizaji wapendwa, majirani walimsifu Theuri. Kanisani alisifiwa pia. Nyumba ya mawe, watu walisema, ona jinsi mama anavyotunzwa. Mimi nasema asante ya punda ni mateke.

Wakonyo alikaa kwenye kiti ndani ya ua. Jumanne aliwasikia wenzake wakicheka shamba la pili, nyuma ya kayaba. Mwanzoni aliwaita kwa sauti, nao wakamjibu. Aliwapangia zamu kupitia kwenye miiba. Mlinzi akamweleza Theuri, na Theuri akakataza. Akasema ni makelele, ni kama soko.

Basi akabaki na redio. Mtangazaji aliposema hamjambo wasikilizaji, Wakonyo alijibu hatujambo. Kisha aliuliza, kama adabu inavyotaka, huko kwenu mmeamkaje, watoto wamelalaje. Akangoja jibu. Mtangazaji akaendelea kusoma bei za pareto. Wakonyo akauliza tena.

Kwa mwaka mmoja aliuliza. Mwaka wa pili akaacha kuuliza. Mwaka wa tatu akawa anasahau sufuria motoni, akamwita mlinzi kwa jina la marehemu mumewe. Theuri alisema ni uzee. Ni kweli, uzee upo, na mimi si daktari. Siwezi kuapa kwamba ni upweke peke yake. Lakini Mama Gathoni amemzidi Wakonyo miaka mitatu, bado analima Jumanne na Ijumaa, na alinitajia majina ya mbuzi wake wote tangu wakati wa Mzungu.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka wa 1985 binti wa Wakonyo, Monicah, aliyeolewa Kerugoya, alikuja kumtembelea mama. Alimfungulia Mama Murugi geti, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kwa miaka mitatu. Murugi aliingia, akakaa mbele ya rafiki yake. Wakonyo alimtazama kama anavyotazamwa mtu wa kuuza sabuni. Hakumjua.

Murugi hakulia. Alivuta kigoda, akaanza kutaja zamu taratibu, kama kwamba anauliza ushauri. Akasema Jumanne tutakuwa kwa Gathoni. Akasema Ijumaa tutakuwa kwa Wachuka. Alikosea makusudi.

Wakonyo aliinua kichwa. Akasema: "Hapana. Baada ya Gathoni ni kwako. Shamba yako iko na udongo mwekundu, inakauka mbio. Wachuka yuko karibu na mto, yeye anaweza kungoja." Kisha akamtazama vizuri. "Murugi, mbona umekonda?"

Monicah aliniambia alikimbilia jikoni kulia. Wanawake wale wawili walikaa mpaka saa kumi. Wakonyo alipanga zamu za mwezi mzima. Alimkosoa Murugi mara mbili.

Jumapili iliyofuata Theuri alikuja, na Murugi akamwomba jambo moja tu. Awaachie mama siku ya Jumanne. Hatashika jembe. Atakaa kivulini, ale nao, azungumze nao, na jioni watamrudisha wenyewe.

Theuri alimjibu kwa heshima, hilo silikatai. Alisema: "Mama, mimi niko na jina huko Nyeri. Huyu sasa anasahau mpaka nguo. Mnataka nimtoe nje watu wamuone?"

Murugi akamwambia: "Watu gani, mtoto wangu? Watu ni sisi."

Kufuli likabaki. Kufuli la pili likaongezwa. Monicah naye alinyamaza. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu bila kujitetea. "Yeye ndiye aliyejenga. Nikaona sina mdomo." Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata Wakonyo akafa kitandani mwake, katika nyumba ya mawe, redio ikiwa imewashwa.

Mazishi yalikuwa makubwa. Kulikuwa na hema, vipaza sauti na wapishi kutoka hoteli. Wanawake wa ngwatio walikaa nyuma kabisa, jua likiwachoma. Hawakupewa nafasi ya kusema neno. Theuri alisema, tena kwa muda mrefu. Alieleza jinsi mama alivyokuwa akiongea na redio, na akaigiza, mkono sikioni, hatujambo, watoto wamelalaje. Watu wakacheka. Wasikilizaji, watu walicheka kaburi likiwa wazi. Nilichukizwa, na sehemu ya chuki hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Maana bei za pareto mwaka ule nilikuwa nikizisoma mimi.

Wiki mbili baada ya mazishi ilifika Jumanne ya zamu ya Wakonyo, kwa hesabu ambayo yeye mwenyewe alimpa Murugi mwaka uliotangulia, nao wakaizungusha tangu hapo. Wanawake kumi walikwenda na majembe yao, wakakuta geti limefungwa. Kisha Mama Gathoni akasema zamu ni zamu, akainama, na wote wakapalilia upande wa nje wa kayaba, kutoka kona mpaka kona, ukingo wa barabara ambao si shamba la mtu. Walimaliza saa tisa. Walikula viazi walivyobeba, wakaenda makwao.

Natoa pole. Pole zangu za kwanza ni kwa Mama Murugi, Mama Gathoni, Mama Wachuka na wenzao saba. Pole kwa Monicah, ambaye ameomba nisimfiche. Pole kwako pia, Theuri, najua unasikiliza. Wewe ulifiwa na mama mwaka wa 1982, na hukujua.

Na wewe uliyemnunulia mzazi wako redio ili imsemeshe, ukarudi mjini umetulia, nisikilize kwa makini. Mimi siwezi kumjibu. Ananisalimu kila asubuhi na simsikii. Akisema ametaabika usiku, mimi ninasoma matangazo. Zima redio hii. Nenda ukamfungulie geti.