Upande wa Kukatwa

Mvua ilikuwa imekatika na benchi letu, nje ya karakana ya fundi fremu, bado lilikuwa bichi, tukakalia magunia. Fundi wetu hupima kwa shubiri, na safari hii shubiri zimemwangusha: fremu imepungua vidole vitatu. Picha ya mteja wake, dada mmoja mshonaji, alikuwa ameipakata. Ni ya rangi za maji, ya hadithi za hapo zamani za kale: msitu wa buluu upande mmoja, kijumba chenye taa upande wa pili, na katikati kabinti ka gauni jekundu, rangi imetawanyika usoni hata hujui kametazama wapi. Mwenyewe anaijia jioni hii. Mimi nilivyoikodolea macho, usingizi mtamu ukaanza kuninyemelea.

— Lazima nikate upande mmoja, fundi alisema. Niambieni upi hauna maana.

— Kata msitu, alisema Kinyozi, akipuliza kahawa yake. Msitu ni shida za dunia. Nani anataka shida ukutani?

— Wewe nyoa vichwa tu, alidakia Redio, ambaye hutengeneza redio na huongea kuzishinda. Msitu ni usingizi. Huoni ulivyo buluu? Kabinti kanaota. Kata nyumba.

— Nyumba ndiyo mama, bwana, alijibu Kinyozi.

— Na gauni jekundu?

— Moyo huo. Umetoka nje kupunga upepo.

— Moyo ukitoka, mwenyewe si amekufa?

Redio akainamia picha, sauti ikashuka.

— Mimi sioni binti hapo. Ni ile taa ya dirishani. Imechoka kukaa, imeshuka kutembea.

Hata mimi niliiona inatembea. Fundi akalaza rula juu ya msitu, akashika wembe.

— Hamjambo?

Alikuwa yule dada mshonaji.

— Hatujambo, dada. Tulikuwa tunajaribu kuielewa picha yako, alisema fundi kwa aibu.

— Afadhali. Mama aliichora kitandani, akasema akipona atamsimulia mwanangu hadithi yake. Hakupona. Sasa mtoto ananiuliza kila siku, na mimi sina jibu. Hebu nisaidieni, jamani. Huyu anaondoka kwao, au anarudi?

Kinyozi akatazama ndani ya kikombe. Roho iliniuma.

Fundi akatia wembe mfukoni.

— Nimekosea vipimo, dada. Njoo kesho kutwa. Hii fremu naivunja.