Disketi ya Mikarafuu

Kijiwe chetu kiko Chumbageni, hapa Tanga, kwenye kibaraza cha duka la Rahimu, na tunakiita Bandari Kavu kwa kuwa hakuna kinachoshushwa hapo ila maneno. Zamani Rahimu aliuza kalamu na bahasha. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa ruksa kuleta atakacho, naye akaleta kompyuta ya Dubai, imetumika lakini inawaka. Akaiweka dirishani wapita njia waione, na tangu siku hiyo sote tumekuwa wataalamu. Ndani yuko Rahimu na kidole chake. Nje tuko sisi washauri: Meneja, yaani Maulid, aliyekuwa karani wa kiwanda mpaka kilipofungwa, Injinia, yaani Fadhil, fundi redio, na mimi, waniitao Gazeti kwa uonevu tu. Kombo, Mpemba wetu, ndiye muuza kahawa. Asubuhi ninayoisema, mwaka wa tisini na sita, Kombo hakummiminia mtu. Aliliweka dele lake la kahawa chini, akasimama dirishani macho kwenye kioo.

Rahimu: Inauliza tena. Inasema disketi hii haijatayarishwa, niitayarishe? Ndiyo au hapana.

Injinia: Na weye umejibuje?

Rahimu: Hapana. Mara nne sasa.

Meneja: Mara nne! Mashine inakuuliza kwa adabu ikutayarishie, weye hapana, hapana. Hata mtu angenuna.

Disketi ilikuwa ya Kombo. Miaka miwili nyuma baba yake alikuja kutoka Pemba kutibiwa macho, akakaa kwa Kombo, Nguvumali, mwezi mzima. Mzee yule alikuwa na shamba la mikarafuu huko Wete. Kila mkarafuu aliupa jina, na kila mmoja alimwekea mwanawe au mjukuu wake. Khairiya, binti wa Kombo, alikuwa mpiga chapa kwenye mradi mmoja wa Wazungu, basi babu akawa anafuatana naye ofisini, anakaa kiti cha wageni, anataja mti mmoja mmoja na mjukuu anaandika. Halafu wino wa printa ukaisha, mradi ukafungwa, Khairiya akaolewa Mtwara, na mzee akafariki. Sasa ndugu wanakutana Jumamosi kugawana shamba, na orodha yote imo ndani ya kile kibamba cheusi cha plastiki. Haijawahi kuonekana kwenye karatasi.

Mimi: Izime, kisha iwashe.

Hiyo ndiyo dawa yangu, na nasema bila kujisifu kwamba imeshaponya mengi hapo dukani. Rahimu akaizima, akaiwasha. Tukangoja mpaka ikamaliza kukoroma. Ikauliza vilevile.

Injinia: Tatizo ni joto. Hiyo imeandikwa kwenye chumba cha kiyoyozi, huku Tanga maandishi yamelala. Itieni kwenye friji ya soda nusu saa.

Meneja: Redio ngapi umezitia kwenye friji zikapona?

Injinia: Moja. Na mwenyewe alifurahi.

Rahimu: Disketi yangu mwenyewe mbona inasomeka, na haijaona friji?

Injinia: Basi ipindue. Wazungu wale huenda waliandika upande wa pili.

Rahimu: Haiingii kwa upande wa pili.

Injinia: Ngoja kwanza. Humo ndani mmeandikwa nini? Mikarafuu! Na karafuu kule kwao ni mali ya serikali. Mashine imeona neno karafuu mara mia, imeogopa kesi ya magendo.

Mimi: Kompyuta imeogopa magendo?

Injinia: Imetoka Dubai hii. Inayajua magendo kuliko weye.

Tulicheka mpaka muuza karanga wa ng'ambo ya barabara akasimama kutazama. Kombo hakucheka. Alikuwa anafuta mikono kwenye shuka yake, na mikono haikuwa na maji.

Meneja: Mie nimekaa ofisini miaka kumi na tisa. Ofisi ikikwambia fomu yako haijatayarishwa, husemi hapana. Unasema ndiyo, inatayarishwa, unasomewa. Hilo hata mtoto analijua.

Rahimu: Kwa hiyo nibonyeze ndiyo?

Meneja: Bonyeza.

Injinia: Bonyeza, tunywe kahawa.

Nami, Mungu anisamehe, nikasema bonyeza.

Kombo: Bonyeza, yakhe. Roho yangu ishachoka.

Rahimu alikuwa ameshapeleka kimshale kwenye ndiyo alipotokea Anjela, karani wa ofisi ya kanisa, ana karatasi zake za kutoa fotokopi.

Anjela: Shikamooni. Jamani, usibonyeze hapo! Ukitayarisha, unafuta kila kitu.

Kidole cha Rahimu kikabaki hewani. Meneja akaanza kuitazama barabara.

Anjela: Kwani disketi hii iliandikwa kwenye mashine ya aina gani?

Swali dogo hilo. Wataalamu watatu tulikuwa tumeshinda hapo tangu saa mbili, na hakuna aliyekuwa amelifikiria. Injinia akajikuna shingo. Mimi nikajifanya nasikiliza jambo jingine.

Kombo: Khairiya alisema mashine yao ilikuwa na picha ya tufaha. Tufaha limemegwa.

Anjela: Ndiyo hiyo! Hii ya kaka Rahimu ni ya Windoz. Zile za tufaha zina namna yao ya kupanga mambo ndani ya disketi, na Windoz haiijui, inaona kama hamna kitu. Ndiyo maana inataka kuanza upya.

Akaitoa disketi, akaigeuza, akatuonyesha kijidude kwenye pembe ambacho sote tulikuwa tunakiona kila siku tukidhani ni pambo. Akakisukuma kwa ukucha, tundu likafunguka.

Anjela: Mkiona mwanga unapita hapa, haifutiki hata mkibonyeza ndiyo mara mia. Disketi ya mtu, kabla hujaitia mahali, kwanza hili. Sasa kaka Rahimu, nipe mpya, hiyo itayarishe kwa mashine yako. Ofisini tuna ya tufaha, tunatengenezea kijarida. Ile inasoma za kwao na za kwenu. Nitahamishia humu, nitayahifadhi kama maandishi matupu, bila mapambo, na yatafunguka hapa.

Injinia: Hata mie nilikuwa nakaribia hapo.

Anjela: Mzee Kombo, kuna jina unalolitafuta, nikaangalie kama limo?

Kombo akainama kupanga vikombe vyake. Anjela akangoja kidogo, kisha akapanda baiskeli yake akaenda. Meneja akamuuliza Kombo kilichomsibu.

Kombo: Mie Pemba nilitoroka. Nina miaka kumi na saba, sikuaga mtu. Mzee alipokuja kwangu hakulitaja hilo, wala mie sikulitaja. Kila siku anakwenda kutaja miti, mie nauza kahawa hapa. Khairiya naye kasema babu kamwambia ni amana, isifunguliwe mpaka afe. Sasa n'nakwenda kuwapelekea ndugu zangu orodha, na sijui kama nimo.

Nilijisikia vibaya sana. Asubuhi nzima tulikuwa tunashindana kwa utaalamu, na tulibakisha kidole kimoja tu kumfutia mtu baba yake. Meneja aliomba radhi kwa namna yake. Akaliinua dele mwenyewe akatumiminia, akamwaga nyingi.

Adhuhuri haijaingia, Anjela akarudi. Disketi mpya ikaingia, na mara hii mashine haikuuliza kitu. Maneno yakajipanga kwenye kioo, meusi juu ya weupe. Kombo husoma za Kiarabu, hizi herufi nyingine hazimkai, basi Meneja akaingia ndani akavaa miwani.

Meneja: Mti wa kwanza. Bibi Harusi. Upande wa kisima. Wa Mjaka. Wa pili. Kibiongo. Wa Asmahani. Wa tatu...

Akaenda hivyo, ishirini, arobaini, sitini. Injinia akaacha kukatiza. Kila jina lililopita Kombo aliitikia kwa kichwa, akiujua mti, akimjua mwenyewe, na kila mara akizidi kuinama.

Meneja: Wa sitini na nne. Mtoro. Uko mlangoni. Niliupanda mwaka ule alioondoka. Wa Kombo. Hata asipokuja, mtu asiuchume.

Kombo alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

— Bwana Maulid, akasema. Huo usome tena.

Meneja akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akausoma tena polepole.