Mgombea Kutoka Kwenye Kaseti

Kwenye basi la Vingunguti, Jabiri, katibu wa tawi la chama, alikuwa akimsimulia mambo yake muuza nyanya aliyekaa naye.

"Mwenyekiti wetu yuko uhamishoni London, lakini chama anakiendesha yeye, kwa kaseti anazorekodi na kututumia. Juzi kaagiza udiwani agombee Mudathir."

"Mudathir fundi cherehani? Si alifariki mwaka jana?"

"Mie mwenyewe nilishuka kaburini kumlaza."

"Na mwenyekiti hamkumwambia?"

"Nani ampe tanzia mtu aliye ugenini, dada? Tulipiga makofi, tukampitisha kwa kauli moja."

"Nawe ulinyoosha mkono?"

"Wa kwanza! Tena yote miwili."

Basi likasimama. Jabiri akashuka kwenda kwa mjane wa Mudathir. Fomu ya udiwani ilitaka picha mbili za mgombea.