Mama Damari Mgaya, Aliyeezeka Nyumba Asiyoiona

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Damari Mgaya anastaafu, baada ya miaka ishirini na moja ya kulitumikia shirika letu la Hifadhi Njema. Kwenye karatasi cheo chake ni Mratibu wa Uchangishaji, Iringa na Mbeya. Kwa lugha ya kwetu, kazi yake ni kuomba. Ameomba makanisani, sokoni, kwenye vikao vya harusi za watu wengine, na mara moja kwa askari wa barabarani aliyetusimamisha kwa sababu ya taa mbovu. Tuliondoka na onyo lake pamoja na mchango wake.

Wahariri wa jarida wamenipa mimi Clement, dereva, niandike wasifu huu, kwa kuwa nimekaa naye ndani ya gari kuliko wao walivyokaa naye ofisini.

Mama Mgaya ni mzaliwa wa Kidabaga, kule Kilolo kwenye baridi, na alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuja kwetu. Ualimu haujamtoka. Hata wajumbe wa bodi huwangoja wanyamaze ndipo aanze kusema. Alilikuta shirika limepanga vyumba viwili tu Iringa mjini, vya kuwahifadhi kwa muda akina mama na watoto waliokimbia kipigo majumbani. Anatuachia nyumba mbili zetu wenyewe, moja Iringa na nyingine Mbeya.

Silaha yake kubwa ilikuwa mnada wa baada ya ibada. Huku kwetu wote tunaujua: sadaka za mazao na kuku hupigwa mnada nje ya kanisa, na mwenye moyo akishanunua hurudisha kitu kiuzwe tena. Ilula mwaka mmoja Mzee Zabron alitoa jogoo wake mwekundu. Akanunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa, akarudishwa, Mama Mgaya akimsifu kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mwishowe aliyemnunua na kubaki naye ni Mzee Zabron mwenyewe. Mkewe hadi leo anasema jogoo yule alikwenda tu kusali.

Lakini alikuwa na sharti moja lililotushangaza wote. Hakutaka kujua nyumba zilipo. Mimi ninazijua, maana ndiye ninayewapeleka akina mama. Yeye alisema anayeomba ndiye anayeulizwa, naye hajui kusema uongo, uso wake humsaliti. Tukiwa na mama na watoto ndani ya gari, tukifika mjini anashuka na kupanda bajaji. Kwa miaka yote hiyo hakuniuliza hata mtaa.

Msimamo huohuo wa kuficha ndio uliotuokoa mwaka juzi. Kuta za nyumba ya Mbeya zilikuwa zimesimama bila paa, na mvua zilikuwa zinakaribia. Akina mama walikuwa wamebanana kwenye nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba alishaitaka. Ndipo Bwana Saulo, mfanyabiashara wa mpunga wa Chimala, akaahidi mabati yote. Alitaka jambo dogo tu: mgeni rasmi, picha na akina mama, na jina lake ukutani. Hakuwa na ubaya. Kwetu mtoaji huonyeshwa alichotoa. Na sisi wenyewe, kwa furaha, tulikuwa tumeshaagiza turubai, spika na utepe, tukazindue nyumba ya mafichoni!

Wakati huohuo mume wa mmoja wa wale akina mama alikuwa akizunguka stendi ya Mbeya na picha ya mkewe. Mama Mgaya alisimama kwenye kikao, akangoja tunyamaze, akasema, "Mkikata utepe pale, mnamwonyesha yule baba mlango." Turubai likarudishwa. Bwana Saulo naye akakasirika, na lori la mabati likaishia Chimala.

Niliogopa, sifichi. Yeye alifunga kitenge akaniambia tuwashe gari. Tuliwapitia wauza nyanya wa Ilula, mama lishe wa Igawa, na wauza mchele wa Chimala hapohapo, mbele ya duka la Bwana Saulo. Ilula alianza na salamu ya kamwene, Uyole akamalizia na ya mwagonile. Wengi hawakuhitaji maelezo marefu. Juliana, muuza nyanya, alitoa mauzo yake ya siku akasema, "Usiniambie ni wapi, mama. Mimi nina mdomo." Haba na haba hujaza kibaba: paa likapanda, na mvua ya kwanza ikawakuta akina mama ndani. Baadaye magunia ya mchele yalianza kufika ofisini bila jina. Mchele wa Chimala tunaujua kwa harufu, na mwenye duka tunamshukuru.

Mwezi huu bodi iliamua kumpa zawadi ya kuagwa: aingie nyumba ya Mbeya, aione walau mara moja. Akakataa. Alisema kustaafu hakumfundishi mtu kusema uongo. Basi katika safari yetu ya mwisho nilimwacha Mwanjelwa sokoni, nikapeleka unga na mafuta, nikarudi kumchukua. Tukaondoka hadi Igawa. Kisha akaniuliza swali lake la kwanza kuhusu nyumba ile: mvua ikinyesha, panavuja?

Nikamwambia hapavuji, mama. Masika yote halikupita hata tone, na watoto walikuwa wakilala hadi asubuhi.

Akasema, "Haya," akageukia dirishani, akajifuta uso. Alidai ni vumbi. Barabara ile ni ya lami, na vioo vilikuwa vimefungwa.

Mama Mgaya, wafanyakazi wote tunasema asante, na wapo wengi wanaokushukuru ambao hawawezi kuja kwenye sherehe ya kukuaga. Nenda nyumbani ukalime njegere zako, ule vizuri, na Mungu akuzidishie afya na miaka. Kidabaga mvua ni nyingi. Ikianza kunyesha, lala tu, mama. Mbeya nao wamelala pakavu.