Nicodemus Masinde na Ukurasa wa Saba

Bwana Nicodemus Masinde anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 1958, baada ya miaka thelathini na mmoja katika masjala yetu ya hati za mashamba hapa Nakuru. Katika muda huo amechelewa kazini mara moja, na barua ya kujieleza aliiandika kabla hajaulizwa.

Alianza akiwa tarishi, akapanda hadi karani mkuu. Wengi wetu alitufundisha kupanga mafaili. Wengine alitufundisha mara mbili.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa nyumba ya mawe ya Glenmorach, kule Subukia. Mwaka 1950 mwenye nyumba, Mskoti aitwaye Bwana Mackelvie, aliomba aandikiwe historia ya nyumba hiyo, ili aisome kwenye sherehe ya kutimiza kwake miaka arobaini. Aliamini baba yake ndiye aliyeijenga.

Masinde alipekua hati kwa miezi minne. Alipata wamiliki watano, mmoja wao akiwa ameibadilisha nyumba kwa maksai wanane na kuridhika kabisa. Alipata pia barua ya zamani: fundi aliyeijenga aliitwa Kinyanjui, alianguka kutoka paani mwaka 1910, akazikwa nyuma ya nyumba. Kwa mujibu wa ramani, hapo sasa palikuwa uwanja wa tenisi.

Masinde alipanda baiskeli yake, ambayo breki zake zilishika ikipanda mlima tu, akamtafuta binti wa marehemu. Alimkuta kijijini Kabazi akichuma maua ya pareto. Binti huyo, Mama Wamaitha, alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba baba aliwatoroka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi chini palepale.

"Kumbe alikuwa hapa karibu tu," alisema.

Hayo yote yaliingia ukurasa wa saba. Bwana Mackelvie alifika ofisini mwenyewe.

"Nilitaka historia ya nyumba, Masinde, si ya makaburi."

"Ndiyo iliyopo, bwana."

Mkubwa wa ofisi wa wakati huo alimwambia autoe ukurasa huo au aache kazi. Masinde, baba wa watoto sita, aliupiga chapa upya, nakala tatu, akachukua kofia yake akangoja kufukuzwa.

Wiki tatu baadaye, Masinde akiwa bado kazini, Mackelvie alituma gari Kabazi kumchukua Mama Wamaitha. Wavu wa tenisi uling'olewa, likawekwa jiwe lenye jina la Kinyanjui. Siku ya sherehe Mackelvie alisoma kurasa zote. Kwenye ukurasa wa saba alikwama mara mbili, akaendelea.

Sasa Bwana Masinde anarudi Kimilili kwa mkewe, Mama Naliaka, ambaye ametuandikia kuuliza kama ni kweli. Mama Wamaitha amepata kibali cha kusafiri kuja kumuaga Ijumaa, na ameomba kiti cha mbele. Amewekewa.

Mzee wetu, asante kwa kazi. Nenda salama, upumzike, na Mungu akujalie afya na miaka mingi.